Kuendesha klabu ya hadubini: kutoka meza ya kwanza hadi sanduku la slaidi linalozunguka

Anayetazama hadubini peke yake hana wa kumthibitishia alichokiona. Klabu ipo kwa ajili hiyo. Utaratibu wote ulioelezwa hapa unapimwa kwa swali moja: je, mwanachama wa pili akikaa kwenye kiti hicho hicho, au akiipokea slaidi hiyo nyumbani kwake, atakiona alichokiona wa kwanza? Klabu inayoshindwa hapo hugeuka kuwa watu kadhaa waliokaa chumba kimoja, kila mtu na hadubini yake.

Mtindo huu ni wa zamani. Quekett Microscopical Club ilianzishwa London mwaka 1865 kwa ajili ya wapenzi wa hadubini wasiokuwa wanasayansi kwa kazi, na mwaka 1873 ikaanzishwa Postal Microscopical Society, ambayo wanachama wake walizungushiana masanduku ya slaidi kwa posta, kila sanduku likiwa na maelezo yake. Njia hizo mbili, yaani mkutano wa mezani na sanduku linalozunguka, bado hazijapata mbadala ulio bora, na ndizo zinazofuatwa hapa.

Vifaa vya pamoja

Hadubini moja kwa watu watatu inatosha. Wakizidi hapo, anayesubiri huchoka kabla zamu yake haijafika, na kiumbe aliyekuwa chini ya lenzi huwa amekwenda zake au amekauka. Kwa watu 12, basi, panga meza nne: tatu zenye hadubini za kawaida na moja yenye hadubini ya ukuzaji mdogo, kati ya mara 10 na 40, ya kuchambulia vitu vikiwa bado kwenye sahani. Hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika wakati wa kununua, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote, kwa sababu kumtafuta mnyama wa nusu milimita kwenye tone moja baada ya jingine kwa hadubini ya kawaida ni kazi ya usiku kucha.

Kabla ya kupokea au kununua lenzi iliyotumika, soma maandishi yaliyochorwa ubavuni. Ukiona 40/0.65 na chini yake 160/0.17, maana yake lenzi inakuza mara 40, NA yake (kipimo cha upana wa mwanga ambao lenzi inaweza kuupokea) ni 0.65, imetengenezwa kwa hadubini yenye mrija wa milimita 160, na inataka kioo kifuniko chenye unene wa milimita 0.17. Alama ya ∞ mahali pa 160 ni mfumo mwingine. Lenzi hizo mbili zinaweza kuingia kwenye uzi uleule wa skrubu, maana kipenyo cha milimita 20.32 kimetumika kwa lenzi nyingi tangu karne ya 19, lakini kuzichanganya kunaharibu picha. Ziandikeni kwenye daftari la vifaa, kila lenzi na hadubini yake.

NA ndiyo namba ya kuangalia kwanza, kabla ya ukuzaji. Nukta mbili zinaweza kutenganishwa iwapo umbali kati yake haupungui 0.61 mara urefu wa wimbi la mwanga, ukigawanywa kwa NA. Kwa mwanga wa kijani wa maikromita 0.55 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), lenzi ya NA 0.25 hutenganisha maikromita 1.3, ile ya 0.65 hufika 0.5, na ile ya mafuta, yaani inayotumika ikigusa tone la mafuta juu ya slaidi, ya NA 1.25 hufika takriban 0.27. Ukuzaji wenye faida huishia kwenye NA mara 1000. Kwa hiyo anayefunga lenzi ya jicho ya 25x juu ya lenzi ya 40x na kujivunia ukuzaji wa mara 1000 amepata picha kubwa yenye ukungu, isiyo na hata chembe moja ya habari zaidi.

Vitu vidogo vya kila meza: slaidi za milimita 76 kwa 26, vioo vifuniko vya namba 1.5 (ndivyo vilivyo karibu zaidi na 0.17), pipeti mbili, kibano chenye ncha nyembamba, sindano, vipande vya karatasi ya kuchujia, karatasi laini ya kufutia lenzi, penseli na lebo. Lenzi ya 100x ibaki kwenye meza moja tu, chini ya mtu mmoja anayejulikana. Sababu inakuja mbele.

Kuitayarisha hadubini ili wengine waitumie

Fanyeni hivi mwanzoni mwa kila mkutano, hata kama hadubini ilikuwa safi wiki iliyopita.

1. Weka slaidi inayojulikana, kwa mfano ngozi ya kitunguu, na uilenge kwa lenzi ya 10x.
2. Funga kiwambo cha taa (tundu linalopanuliwa na kufinywa) kilicho kwenye kitako cha hadubini mpaka ubaki mduara mdogo wa mwanga.
3. Pandisha au shusha kondensa (lenzi iliyo chini ya jukwaa la slaidi, inayokusanya mwanga) hadi ukingo wa mduara huo uonekane mkali, kisha uusogeze katikati kwa skrubu mbili za kondensa.
4. Fungua kiwambo cha taa mpaka ukingo utoke kidogo tu nje ya unachokiona.
5. Chomoa lenzi moja ya jicho, chungulia ndani ya mrija, na ufunge kiwambo cha kondensa hadi robo tatu hivi ya mduara unaong'aa ibaki wazi. Rudisha lenzi.

Huu ndio utaratibu alioueleza August Köhler mwaka 1893, na haujapitwa na wakati. Hadubini nyingi za wanafunzi hazina kiwambo cha taa. Kwa hizo pandisha kondensa karibu na mwisho wake wa juu, kisha fanya hatua ya tano peke yake. Hatua ya tano inarudiwa kila unapobadili lenzi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatumia kiwambo cha kondensa kupunguza mwanga. Kikifungwa mno, kila kitu kinapata mistari miwili au mitatu ya uongo kuzunguka kingo zake, na mgeni atakuapia kwamba bakteria wake ana ganda. Kikiachwa wazi kabisa, viumbe visivyo na rangi vinapotea kwenye weupe. Mwanga ukizidi, punguza taa yenyewe.

Hadubini ya macho mawili inahitaji sheria moja zaidi. Mtu wa kwanza analenga kwa jicho la kulia akitumia skrubu ndogo ya fokasi, kisha anairekebisha lenzi ya kushoto kwa pete yake. Anayefuata anabadili nafasi kati ya lenzi za macho na kugusa skrubu ndogo tu. Pete ikichezewa na kila mtu, baada ya watu wanne hakuna anayeona sawasawa na wote wanalalamikia hadubini. Wenye miwani ya kuona mbali au karibu wanaweza kuivua, kwa kuwa fokasi inafidia. Wenye astigimatizimu wabaki nayo.

Vumbi lina njia yake ya kukamatwa. Zungusha lenzi ya jicho: doa likizunguka, liko hapo. Sogeza slaidi: doa likienda nayo, liko kwenye slaidi. Lisipofuata lolote kati ya hayo, shusha kondensa kidogo. Likififia, lilikuwa kwenye kondensa au kioo cha taa. Doa lililo kwenye lenzi ya chini halionekani kama doa kabisa. Linafanya picha nzima iwe na ukungu.

Kukusanya sampuli

Chupa ya maji yaliyochotwa katikati ya bwawa mara nyingi haina kitu. Viumbe vinaishi kwenye kingo: kwenye ute uliofunika mawe na mashina, kati ya mimea iliyozama, na kwenye milimita chache za juu za tope. Kamua mimea ya majini ndani ya chupa, kwangua jiwe kwa mswaki wa zamani, vuta tope la juu kwa pipeti. Jaza chupa theluthi mbili tu ili hewa ibaki, na iweke kivulini. Chupa iliyofungwa na kuachwa juani kwa saa moja inaweza kupoteza siliati zake zote, yaani viumbe vya seli moja vinavyoogelea kwa vinyweleo.

Vaeni glavu na mabuti. Penye konokono wa maji baridi katika maeneo yenye kichocho, minyoo michanga hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa hiyo hakuna mkono wala mguu mtupu unaoingia majini. Pipeti haivutwi kwa mdomo kamwe. Damu, mate na vitu vingine vya mwili wa binadamu visiingie kwenye meza za klabu. Havina jambo linalostahili hatari yake mahali ambapo kifaa kimoja kinashikwa na watu wengi.

Lebo inaandikwa palepale, kabla ya kuondoka: tarehe, saa, mahali, aina ya maji, kina, joto, jina la mkusanyaji. Tumieni penseli, kwa kuwa pombe ikimwagika inafuta wino. Sampuli isiyo na lebo imwagwe, hata ikiwa na viumbe wa ajabu. Hili linauma, lakini kiumbe asiyejulikana alikotoka hawezi kutafutwa tena na mtu mwingine.

Kazi moja ya pamoja inayofaa kuliko nyingine zote ni slaidi za kutundika. Pachika slaidi safi kwenye kipande cha koki kilichochanwa, zifunge kwa uzi na uziache zielee wima chini ya uso wa maji kwa wiki moja au mbili. Vortisela, rotifa, diatomu na mwani hujishikiza juu ya kioo. Itoe slaidi, futa upande mmoja, weka tone la maji na kioo kifuniko upande wa pili. Mnaona jamii nzima katika mpangilio wake, bila kuivuruga kwa pipeti, na mkiweka slaidi nane na kutoa mbili kila baada ya siku chache mnaweza kufuatilia nani anatangulia na nani anafuata.

Kwa mosi, ile mimea mifupi ya kijani inayotandaa juu ya kuta na magome, njia ni nyingine: kipande kilichokauka kilowekwe kichwa chini kwenye sahani yenye maji kwa saa kadhaa hadi siku nzima, kisha kikamuliwe. Kwenye mabaki chini ya hadubini ya ukuzaji mdogo tafuta tadigradi, wanyama wa miguu minane, wengi wakiwa na urefu wa kati ya milimita 0.2 na 0.5. Usipowapata kwenye kipande cha kwanza, jaribu cha ukuta mwingine. Kutokuwapo kwao mahali kunaandikwa pia.

Jioni ya mkutano

Saa mbili na nusu zinatosha. Dakika 20 za kutayarisha vifaa, 10 za mtu mmoja kuonyesha jambo moja, saa moja ya kila meza kufanya kazi yake, dakika 40 za duru, na 20 za kusafisha na kuandika. Duru isikatwe hata kama muda umebana. Hapo kila mtu anaondoka kwenye kiti chake na kwenda kutazama meza nyingine, na mwenye meza anabaki kueleza mahali pa kuangalia. Lenzi ya jicho yenye kielekezi, yaani sindano nyembamba ndani yake, inamaliza mabishano ya "yule wa kushoto, hapana, kushoto kwake".

Slaidi ya maji inaandaliwa kwa tone dogo. Ncha moja ya kioo kifuniko iguse maji, kioo kikiwa kimeinama nyuzi 45, kisha kishushwe polepole kwa sindano. Kikiangushwa, kinafunga mapovu, yale maduara yenye ukingo mnene mweusi ambayo kila mgeni huyaona kwanza na kuyapenda. Maji yakizidi, kioo kinaelea na viumbe vinaogelea juu na chini nje ya fokasi. Nyonya ziada kwa karatasi ya kuchujia. Wanyama wakubwa watapondwa kioo kikikaa chini kabisa, hivyo weka vidoa vidogo vya vaselini kwenye pembe nne na ukibonyeze taratibu mpaka wabanwe bila kupasuka. Vaselini ikizungushiwa ukingo wote, slaidi inadumu saa nyingi bila kukauka.

Paramesia, aina ya siliati, wanakimbia. Tone la myeyusho wa selulosi ya methili wa asilimia 2 au 3 linawapunguzia mwendo; nyuzi chache za pamba zilizotawanywa zinawafungia kwenye vyumba vidogo, na kwa kutazama mdomo na mapigo ya vifuko vyao vya kutolea maji tunapendelea pamba, kwa kuwa haibadili maji waliyomo.

Kulenga kuna mwelekeo mmoja. Tazama kwa pembeni, pandisha jukwaa hadi lenzi ikaribie kioo, kisha tazama ndani na ulishushe jukwaa. Anayepandisha huku akitazama ndani atavunja slaidi, na kwa lenzi ya 40x, ambayo huacha nafasi ya milimita 0.6 hivi tu, ni suala la muda. Kama picha inapatikana vizuri kwa 10x lakini 40x inakataa kabisa, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: slaidi imegeuzwa chini juu, vioo vifuniko viwili vimeshikana, au lenzi imepata mafuta.

Hilo la mafuta ndilo ajali ya kawaida kuliko zote klabuni. Mtu anatumia 100x, ambayo lazima iguse mafuta yenye kipimo cha mpindo wa mwanga 1.515, kisha anarudi nyuma kwa kuzungusha 40x kupita juu ya tone lilelile. Lenzi ya 40x haikutengenezwa kwa mafuta, na yakiachwa yanajipenyeza kwenye gundi ya kioo chake. Ndiyo maana lenzi ya mafuta inawekwa kwenye meza moja yenye mwangalizi, na ndiyo maana baada ya mafuta slaidi inatolewa kabla ya kuzungusha chochote. Mafuta yafutwe jioni hiyohiyo: kwanza karatasi kavu ya lenzi kwa kugusa bila kusugua, kisha karatasi mpya yenye tone la alkoholi ya isopropili, kisha kavu tena. Kamwe usitumie shati wala karatasi ya mezani.

Siku ya mwanachama mpya, kabla ya kumwonyesha kiumbe chochote, mpe slaidi ya makosa: tone lenye povu, uzi wa nguo, vumbi la chaki, mkwaruzo wa kioo na chembe za wanga. Ajifunze kuzitambua. Chembe za wanga, zikiwekwa kati ya vipande viwili vya plastiki ya polaraizi vilivyogeuziana hadi nyuma pawe peusi, zinaonyesha msalaba mweusi kila moja, na hapo mgeni anaelewa pia kwamba namna ya kuangaza inaamua kitu gani kitaonekana. Jambo hilohilo linafundishwa kwa duara la karatasi nyeusi lililowekwa katikati chini ya kondensa, kiwambo kikiwa wazi: nyuma panakuwa peusi na viumbe vinang'aa. Kateni maduara ya milimita 8 hadi 20 na mjaribu. Linalofaa ni dogo kuliko yote yanayotia giza kamili kwa lenzi husika. Kwa 4x na 10x inafanya kazi vizuri sana, kwa 40x mara nyingi haifanyi.

Kupima na kuandika

Bila kipimo hakuna utambuzi. Kila hadubini ipimwe mara moja kwa slaidi ya rula, ambayo ina milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila sehemu maikromita 10. Linganisha na mistari iliyo ndani ya lenzi ya jicho: kama mistari 100 inafunika milimita nzima kwa 10x, kila mstari ni maikromita 10, na kwa 40x ni 2.5. Andika majibu kwenye kadi na uibandike kwenye hadubini hiyo. Zisizo na mistari, gawanya namba ya uga (upana wa duara linaloonekana, kwa milimita) iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho kwa ukuzaji wa lenzi ya chini: 18 kwa 10x ni duara la milimita 1.8, kwa 40x ni 0.45.

Picha za simu zinakubalika kabisa, mradi fokasi na mwanga vifungwe kwanza na rula ipigwe picha kwa lenzi ileile na zumu ileile. Maneno "mara 400" chini ya picha hayana maana, kwa sababu picha ikibadilishwa ukubwa kwenye skrini yanakuwa uongo. Mstari wa maikromita 50 uliochorwa ndani ya picha unakua na kupungua pamoja nayo.

Majina yaandikwe kwa ngazi tatu: tuna hakika, tunadhani, hatujui. Utambuzi hauamuliwi kwa kura. Anayesema ni Paramecium caudatum aonyeshe umbo, urefu, idadi na nafasi ya viini. Akishindwa, inaandikwa "siliati" na kazi inaendelea. Wanaoanza hutaka jina la spishi kwa kila kitu, na hamu hiyo ni nzuri, lakini daftari lenye majina ya hakika ya jenasi 40 ni la thamani kuliko lenye spishi 200 za kubahatisha.

Sanduku linalozunguka

Slaidi 12 kwa sanduku, kila moja na kadi. Chavua ni mwanzo mzuri: ipake kwenye slaidi, osha mafuta yake kwa tone la alkoholi, iache ikauke, weka kipande cha jeli ya gliserini cha milimita 3 kwa 3, kiyeyushe kwa joto la chini kisichemke, kisha funika. Jeli iliyochemka inajaa mapovu yasiyotoka. Baada ya siku chache safisha ukingo na uuzungushie rangi ya kucha mara mbili.

Namba za rula za jukwaa hazihamishiki kutoka hadubini moja kwenda nyingine, hivyo mahali pa kitu paonyeshwe kwa nukta ya wino pembeni ya kioo kifuniko, na kadi iwe na mchoro: lebo iko kushoto, nukta iko hapa, kitu kiko upande huu kwa umbali wa milimita kadhaa. Kadi itaje pia lenzi, aina ya mwanga, kimiminika kilichotumika na tarehe. Kila mpokeaji anakaa na sanduku wiki moja na kuongeza maelezo yake kwa jina, hata akiandika tu kwamba hakukiona.

Sanduku lisimamishwe wima ili slaidi zilale mlalo, kwa sababu jeli na balsamu mbichi (utomvu wa mti wa kugundishia kioo kifuniko) hutiririka. Balsamu ya Kanada inahitaji wiki nyingi kukauka, na slaidi mpya isipelekwe mapema. Weka sponji juu ya slaidi kabla ya kufunga, pakiti ya silika dhidi ya unyevu, na karatasi ya kuandika zilizovunjika: namba ya slaidi, ilivunjikia kwa nani, tarehe. Anayevunja hatozwi kitu, ila anatengeneza nyingine au anaomba mwenzake aitengeneze kabla sanduku halijaanza mzunguko unaofuata.